Mji wa wanafunzi, mnaouliza maghorofa njooni hapa

Oya wana Mtwara mpo? Na Lindi pia, najua mnaangalia ila hamlaiki, nawaona. Leo natembea na simu mkononi hivi hivi, hilo jengo nyuma yangu lenye kuba la dhahabu linaitwa Old Capitol, yani huu mji wa Iowa City, huku Marekani, ndo ulikuwa makao makuu ya jimbo la Iowa mpaka 1857 wakahamia mji wa Des Moines, jengo likabaki kwa Chuo Kikuu cha Iowa. Na chuo ndo mji wenyewe sasa.

Kuna jamaa wa Shangani kila video ananiuliza, "bro mbona hatuoni maghorofa ya Marekani?" Kaka, huku tupo watu kama elfu 75 tu, na uwanja wa chuo wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatiana, unaingiza kama elfu 69. Jumamosi ya mechi ukitoka nje utadhani mji mzima umehamia barabarani. Ila kuna kitu kimoja nawapenda, robo ya kwanza ikiisha uwanja mzima unageuka kuwapungia mikono watoto waliolazwa hospitali iliyo pembeni pale, walianza 2017. Mimi si wa kulialia lakini siku ile, mmh.

Sasa sikia. Si mnajua kwetu hela za korosho zikiingia mji unavyochangamka, ngoma kila kona, mabati mapya, pikipiki mpya, halafu ikifika masika kimya. Basi korosho ya huku ni wanafunzi. Agosti wanaingia, foleni, makelele, kodi juu. Mei wakifunga chuo wengi wanasepa, na sisi wa kazi za jikoni na usafi masaa yanapungua, hapo ndo unajua hela yako ilikuwa inatoka kwa nani.

Ila mwisho wa Julai jamani! Mikataba mingi ya nyumba inaisha karibu siku ile ile moja, na mipya inaanza Agosti, kwa hiyo kuna siku mtu hana kwake, analala kwa mshkaji na vyombo vyake. Vitu vinatupwa nje, masofa, meza, maikrowevu imebandikwa karatasi imeandikwa inafanya kazi, na kweli inafanya! Hiki kiti ninachokaliaga kwenye video nimekiokota, ndani ya mto nikakuta kalamu na risiti ya pizza. Godoro usiguse lakini, kunguni hawana nchi.

Usafiri raha, mabasi ya chuo yanaitwa Cambus, bure kwa yeyote, na madereva wengi ni wanafunzi wenyewe. Dogo ana mtihani kesho, leo anakuendesha.

Chakula sasa, mama najua unangoja hapa. Mashamba ya mahindi yamezunguka mpaka macho yanachoka, ila mengi ni ya kulisha mifugo na kutengenezea mafuta ya gari, sembe ya ugali naifuata duka la Wakongo. Wapo wengi, Kiswahili chao kina ladha yake, na kisamvu cha kugandishwa kipo, nazi ya kopo, usiniulize kuhusu samaki.

Anayekuja kusoma Agosti atafute chumba mapema, asisubiri viza ndo aanze kupiga simu. Haya, basi langu hilo, naingia kazini.