Mswaki wa Umeme: Wa Duara au Unaotetema?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunaongelea miswaki ya umeme. Ila kwanza, kaka Baraka, waambie wasikilizaji kilichokupata siku ulipouwasha mara ya kwanza.

BARAKA: Aah, dada Zuhura, umeanza! Basi, nikapaka dawa, nikawasha, ndiyo nikapeleka mdomoni. Dawa yote ikarukia kioo na shati la kazini.

ZUHURA: Wengi tumeanzia hapo. Unauweka kwenye meno kwanza, ndipo unawasha. Na unauzima ukiwa bado mdomoni.

BARAKA: Sasa nimeshajua. Ila nyumbani kuna ubishi haujaisha. Mimi ninao wa kichwa cha duara. Wifi yako anao ule wa kichwa kirefu, unalia kama nyuki kwenye chupa. Upi unaondoa ukoga vizuri?

ZUHURA: Wako, aina ya Oral-B, watu wanasema unazunguka, lakini ukiutazama vizuri haumalizi mzunguko. Kichwa kinageuka kidogo kulia, kinarudi kushoto, haraka haraka. Wa wifi, aina ya Sonicare, unatetema: nyuzi zinakwenda huku na huku, na watengenezaji wanataja miondoko 31,000 kwa dakika.

BARAKA: Elfu thelathini na moja! Basi wifi yako kanishinda.

ZUHURA: Wapi! Hiyo namba ni ya kuuzia boksi. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, walilinganisha aina kwa aina mwaka 2010, majaribio 17, watu 1,369. Wa duara uliushinda kidogo ule unaokwenda upande kwa upande, katika wiki 4 hadi 12. Tofauti yenyewe ndogo mno, hata wao hawakuweza kusema ina faida gani kwa mgonjwa.

BARAKA: Na ukiulinganisha na mswaki wa kawaida wa dukani kwa Mangi?

ZUHURA: Hapo kuna kitu. Mwaka 2014 walipitia majaribio 56. Kwa waliotumia wa umeme, ukoga ulipungua kwa asilimia 11 zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, na 21 baada ya hapo. Uvimbe wa fizi ulipungua kwa asilimia 6, baadaye 11.

BARAKA: Si kama nilivyotegemea kwa bei ile.

ZUHURA: Na huo ni wastani. Mwenye mkono mzuri huenda asione tofauti. Ila mtu wa kupiga mswaki sekunde ishirini akawahi daladala, huyo kile kipima muda kinamfaa.

BARAKA: Kumbe! Wangu unashtuka kila baada ya sekunde 30. Nilidhani mbovu.

ZUHURA: Unakuambia hama. Kinywa kigawe mara nne, jumla dakika mbili. Na ile taa?

BARAKA: Nyekundu muda wote. Betri ile, inaisha haraka.

ZUHURA: Si betri, unakandamiza! Unasugua kama umeshika sufuria lenye ukoko. Mswaki wako unaushika kama kalamu, unausimamisha pale jino linapokutana na fizi, unahesabu moja, mbili, unahamia jino linalofuata. Kazi ya kusugua ni ya mota. Wa wifi unauinamisha kidogo kuelekea fizi, unausogeza taratibu. Ukoga unaoumiza fizi umejificha pale mpakani, sisi tunang'arisha katikati ya jino kwa sababu ndiko kunakoonekana kwenye kioo.

BARAKA: Nikifika magego ya nyuma damu inatoka. Nikaamua kupaacha papumzike.

ZUHURA: Mungu wangu. Baraka, damu inatoka kwa sababu ukoga uko pale. Ukipaacha, unazidi. Safisha kila siku kwa mkono mwepesi, mara nyingi ndani ya wiki mbili hivi panatulia. Pasipotulia, kamwone daktari wa meno. Ukoga ukishaganda ukawa kama jiwe, hautoki kwa mswaki wa umeme wala wa mti. Unakwanguliwa.

BARAKA: Wa mti usiuseme vibaya. Bibi yangu kazeeka nao.

ZUHURA: Siusemi vibaya, ndio uliotupa hilo jina.

BARAKA: Haya, msikilizaji yuko dukani sasa hivi. Achukue upi?

ZUHURA: Ule ambao vichwa vyake vinapatikana mjini kwake. Aulize bei ya kichwa kabla ya bei ya mswaki. Rafiki yangu aliletewa mmoja mzuri kutoka Dubai, vichwa hakuna hapa Dar, sasa umelala kabatini na chaja yake. Kichwa kinabadilishwa kila miezi mitatu, au nyuzi zikianza kutawanyika.

BARAKA: Zangu zimetawanyika wiki ya tatu.

ZUHURA: Unaona? Na ulisema ile taa ni betri.