Taa za Majengo Makubwa: Tuanze na Zinazowaka Usiku

Ndugu wahandisi, wasimamizi wa majengo na maofisa ununuzi mliofika hapa Dodoma,

Nimeombwa nizungumzie ubadilishaji wa taa katika majengo makubwa, nami nitakwenda moja kwa moja kwenye swali ambalo wengi wenu hujiuliza fungu la matengenezo likishatoka: fedha hazitoshi jengo zima, je, tuanzie wapi? Desturi yetu ni kuanzia ofisi za wakubwa na kumbi za mikutano, huku korido, ngazi na taa za nje zikisubiri mwaka wa fedha ujao. Mimi natetea mpangilio ulio kinyume kabisa na huo.

Kwanza niseme machache kuhusu sheria, kwa kuwa ndiyo itakayotusukuma hata tukizembea. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 kwamba utengenezaji wa taa za tyubu za fluoresenti, ambazo huwa na zebaki ndani yake, pamoja na kuziingiza nchini na kuziuza nje, ukome kwa awamu, na awamu ya mwisho ni mwisho wa mwaka 2027. Umoja wa Ulaya uliwahi zaidi, kwani tyubu za T8, yaani zile zenye unene wa inchi moja, zilizuiwa kuingia sokoni huko tangu Agosti 2023. Jengo litakaloendelea kutegemea tyubu za fluoresenti baada ya mwaka 2027 litalazimika kuishi kwa mabaki ya madukani, na wote tunajua mabaki ya madukani yalivyo.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tyubu ya futi nne tuliyoizoea huandikwa wati 36, lakini choki ya sumaku, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu, iliyofichwa nyuma yake hula wati nyingine 8 hadi 10, hivyo taa nzima hutumia takribani wati 45. Tyubu ya LED inayoshika nafasi yake hutumia wati 18 hivi, na kwa hiyo kila taa moja inapunguza wati 27. Chukueni taa 100 za ofisini zinazowaka saa 10 kwa siku, siku 250 kwa mwaka: mtaokoa uniti 6,750. Chukueni tena taa 100 za aina ileile katika korido za hospitali, ambako hazizimwi usiku wala mchana: mtaokoa uniti zaidi ya 23,600. Vifaa ni vilevile na fundi ni yuleyule, lakini faida imezidi mara tatu kwa sababu ya saa za kuwaka peke yake.

Kwa upande wa kaboni hesabu inahitaji uangalifu zaidi, na hapa huwa sikubaliani na taarifa zinazonakili viwango vya kaboni kwa kila uniti vya Uingereza au Afrika Kusini na kuvibandika kwenye majengo yetu. Uniti moja inayookolewa katika gridi inayotegemea makaa ya mawe si sawa na uniti moja inayookolewa hapa, ambako sehemu kubwa ya umeme hutoka kwenye maji, ikiwemo mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115, na sehemu nyingine kwenye gesi asilia inayochomwa Kinyerezi na Ubungo. Jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha kila kitu kwa pamoja, mahitaji hupanda, na mzigo unaopunguzwa saa hizo una uzito mkubwa kuliko unaopunguzwa saa nane mchana. Umeme unapokatika na jenereta la dizeli likawashwa, kila wati iliyopunguzwa ni mafuta yasiyochomwa. Ndiyo maana nasema tuanze na taa za nje, za ngazi, za korido na za wodi.

Ofisi za mchana, kwa maoni yangu, dawa yake ya kwanza ni swichi. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, mchana wake haupungui sana chini ya saa 12 mwaka mzima, na jua letu mnalijua. Hata hivyo, ingieni ofisi nyingi saa sita mchana mtakuta mapazia yamefungwa kwa sababu ya joto na mwanga unaoumiza macho, na taa zote zinawaka kwa sababu ya mapazia. Nyaya zikipangwa ili safu ya taa iliyo karibu na dirisha iwe na swichi yake, na dirisha likiwekewa kivuli kwa nje, safu hiyo inaweza kukaa siku nzima bila kuwashwa.

Kuhusu ufundi wenyewe nina jambo la kusisitiza. Fundi mwenye haraka huchomoa stata, yaani kile kifaa kidogo cha kuwashia tyubu, akaweka kifaa kilichokuja na tyubu ya LED, akaiacha choki palepale ndani ya saketi. Taa itawaka na mteja atafurahi, lakini choki inaendelea kula umeme na kupata joto. Iondolewe, nyaya ziunganishwe upya kwa mchoro wa mtengenezaji, na kikasha cha taa kibandikwe lebo inayoonya kwamba hakipokei tena tyubu ya zamani, maana atakayekifungua baada ya miaka mitano huenda asiwe huyu aliyekifunga.

Pimeni mwanga kabla na baada. Meza ya kuandikia inahitaji luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya eneo) kwa kiwango kinachotumika Ulaya, na korido luksi 100. Kabla ya kipimo cha kwanza, futeni vifuniko: vumbi letu la miezi ya kiangazi huzuia mwanga mwingi, na nimeona chumba kikilalamikiwa kuwa na giza kumbe kilihitaji kitambaa chenye maji na sabuni.

Mwisho ni tyubu zinazotolewa. Kila moja ina miligramu chache za zebaki, kwa hiyo mkataba wa kazi utaje nani atazihifadhi zikiwa nzima, wapi, na atazikabidhi kwa nani mwenye kibali cha taka hatarishi. Gharama hiyo iingizwe kwenye bei tangu siku ya zabuni, kwa sababu mkandarasi ambaye hakulipwa kwa kazi hiyo atazitupa kwenye dampo usiku.