Mionekano ya mchoro: kazi ya kufanya kabla chuma hakijakatwa

Shikamooni walimu wangu. Nanyi vijana, habari za asubuhi.

Leo sitazungumzia namna ya kujenga umbo lenyewe kwenye kompyuta. Hilo mnalimudu, kazi zenu nimeziona. Nataka tukae kwenye hatua inayofuata, ile ambayo wengi huimaliza kwa kubofya mara mbili tatu: kulitoa umbo kwenye skrini na kulipanga juu ya karatasi, ili fundi aliyeko karakana, asiyekuwa na kompyuta mbele yake, akereze na kutoboa kile hasa ulichokusudia. Programu itachora mistari kwa usahihi mkubwa. Haijui tu ni nani atakayeisoma.

Tuchukue nyumba ya beringi ya mashine ya kupukuchua mahindi. Vipimo vyake vikuu nimevitoa kwenye UCP 205, nyumba ya beringi inayouzwa tayari, ambayo wengi wenu mmeshaifunga: shafti ya milimita 25, mashimo ya boliti yaliyoachana milimita 105, na kutoka chini ya kitako hadi kitovu cha shafti milimita 36.5. Tuseme hii tunaichonga wenyewe, na tumetoboa tundu la grisi ubavu wa kushoto, kwa sababu kulia kuna fremu na bomba la grisi halipiti. Likumbukeni tundu hilo.

Swali la kwanza: mbele ni wapi? Kanuni za kimataifa za michoro ya kiufundi, ISO 128, zinasema mwonekano wa mbele uwe ule unaobeba habari nyingi kuliko mingine. Kwetu ni ule unaoonyesha duara la shafti huku kitako kimelala kama kitakavyofungwa. Hata hivyo, michoro mingi inayoletwa mbele yangu ina "mbele" iliyotokea tu, kwa vile mchoraji alianza kuchora kwenye bapa fulani siku ile. Katika programu ya FreeCAD, ukiwa kwenye TechDraw, sehemu yake ya kupanga michoro kwenye karatasi, ligeuze umbo kwanza mpaka likuelekee unavyotaka, ndipo uingize kundi la projeksheni, yaani seti ya mionekano inayopangwa pamoja. Programu inafuata uelekeo wa jicho lako kwenye skrini. Ukishapata mbele, mionekano mingine unaiwasha kwa kuweka alama kwenye visanduku vilivyoizunguka. Washa inayohitajika tu. Pini ya mviringo inatosheka na mwonekano mmoja wenye alama ya kipenyo. Kuichorea mitatu ni kumchosha msomaji.

Sasa tufike kwenye jambo lililonileta hapa. Kuna njia mbili za kupanga mionekano kwenye karatasi: pembe ya kwanza na pembe ya tatu. Njia ya kwanza mizizi yake iko kwa Gaspard Monge, Mfaransa aliyefundisha Mézières katika karne ya 18. Jeshi lilifanya njia yake kuwa siri, naye akaja kuifundisha hadharani Paris mwaka 1795. Wazo lake: kitu kinakaa kati ya jicho na bapa, yaani uso ambao picha yake inaangukia. Ukikitazama kutoka juu, kivuli chake kinaangukia chini, kwa hiyo mwonekano wa juu unachorwa chini ya ule wa mbele. Ukikitazama kutoka kushoto, picha inaangukia kulia. Katika pembe ya tatu bapa liko kati ya jicho na kitu, kwa hiyo cha juu kinakaa juu na cha kushoto kinakaa kushoto. Ulaya wanatumia zaidi pembe ya kwanza. Marekani na Japani, pembe ya tatu. Karakana zetu zinapokea michoro ya pande zote hizo, wakati mwingine kwa wiki ileile.

Rudini kwenye tundu la grisi. Umechora kwa pembe ya kwanza, kwa hiyo mwonekano wa kushoto, wenye tundu, umekaa mkono wa kulia wa karatasi. Fundi amezoea michoro ya Kijapani. Anaona tundu upande wa kulia, anatoboa kulia. Nyumba yetu ina ulinganifu kushoto na kulia, kwa hiyo hakuna kitu kingine cha kumshtua. Kila kipimo kiko sahihi, na kitu chenyewe hakifai.

Mistari fiche, ile ya vipandevipande inayoonyesha kilichojificha ndani, kwenye mwonekano wa mbele ingemwokoa, kwa kuwa ingeonyesha tundu likiingia kutoka kushoto. Lakini TechDraw, usipoiambia, haichori mistari fiche. Lazima uiwashe kwenye sifa za mwonekano. Mimi nashauri iwashwe pale inapojibu swali, na pale inapojazana hadi inatatiza macho, ukate mkato, yaani uchore umbo kana kwamba limepasuliwa ili ndani paonekane. Kwenye mkato, chuma kilichokatwa kinachorwa mistari ya mshazari ya digrii 45, lakini shafti na boliti zilizolala ndani ya mkato kwa urefu wake huachwa bila mistari hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya mwonekano wa kwanza kuingia kwenye karatasi, chagua pembe. FreeCAD inakuuliza kwenye kundi la projeksheni lenyewe. SolidWorks inaweka chaguo hilo kwenye sifa za karatasi. AutoCAD ina kigezo kinachoitwa PROJECTIONTYPE: 0 ni pembe ya kwanza, 1 ni pembe ya tatu. Kisha hakikisha alama ya koni iliyokatwa ncha, ile inayomwambia msomaji ni pembe ipi, ipo kwenye kisanduku cha maelezo, na kwamba inalingana na ulichochagua. Kiolezo ulichonakili kwa rafiki kinaweza kuwa na alama ya pembe nyingine, na mchoro unaosema uongo kuhusu pembe yake ni mbaya kuliko usiosema lolote.

Skeli haina mengi. Nyumba yetu ina urefu wa milimita 140, A3 ni 297 kwa 420, kwa hiyo 1:1 inaenea na nafasi ya vipimo inabaki. Isipoenea, shuka hadi 1:2, 1:5 au 1:10. Programu ikikupa 1:3.7, ikatalie.

Na wakati wa kuchapa, zima chaguo la kutosheleza ukurasa, uchape kwa asilimia 100. Weka rula juu ya karatasi: kati ya mashimo ya boliti usome milimita 105.