Pua ya kulungu: mazungumzo na Waswahili wa Pennsylvania wanaotaka kuanza kuwinda

Haya jamani, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi jambo sana. Nimeambiwa nina dakika arobaini alafu chakula, na nyama iliyopo kwenye lile sufuria la bluu ndo yenyewe, kwahiyo mkiona nakatisha maneno mjue na mimi nina njaa. Hizi pembe zitazunguka mikononi mwenu, zishikeni tu, hata watoto, ila zirudi.

Tuanze na jina la huyu mnyama, deer wa hapa Marekani, maana naona kila mtu anasema lake. Wengine mnasema swala, sasa swala bwana ni ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi, pembe yake ina mfupa ndani na gamba nje na anakufa nayo. Huyu wa hapa pembe zake ni mfupa mtupu, dume anaotesha mpya kila mwaka, zinaanza majira ya kuchipua zikiwa zimevikwa ngozi laini kama mahameli, ikifika mwezi wa 9 ngozi inabanduka anaikwangua kwenye miti, alafu kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3 hivi zinadondoka zenyewe. Hizo mlizoshika sikumuua mwenyewe, niliziokota mwezi wa 3 nikitembea. Mi namwita kulungu, kulungu mkia mweupe, na kama umekulia kwetu porini utamkumbuka mbawala, naye akishtuka anabweka na kuinua mkia, weupe wa chini unaonekana. Huyu hivo hivo, mkia unasimama kama leso, ukishauona huo mkia we rudi tu nyumbani kanywe chai.

Na msidhani walikuwepo siku zote wamejaa barabarani wanagonga magari yetu kama saivi. Mwaka 1900 nchi nzima walikadiriwa kubaki kama laki 3 mpaka 5 tu, walikuwa wanawindwa kwa biashara ya nyama na ngozi, Pennsylvania yenyewe ilianza kuwaleta kutoka majimbo mengine mwaka 1906. Leo Marekani wanakadiriwa kama milioni 30. Sheria ilibana, na kwa sheria iliyoanzia 1937 kila bunduki na risasi inayouzwa ina kodi, asilimia 10 au 11, inayorudi kwenye wanyamapori, kwahiyo ukinunua boksi la risasi ushachangia. Hilo tuliache hapo.

Sasa mambo yangu. Misimu mitatu ya kwanza nilitoka kapa. Kapa kabisa. Nina bunduki nzuri, nina nguo za madoa madoa kama mwanajeshi, nina viatu vya dola mia mbili, na babu yangu kule Kilombero alikuwa anawinda kwa wavu na mbwa wawili, mi najiona nina damu ya uwindaji. Nakaa kilimani toka alfajiri, sioni hata unyoya. Mwaka wa tatu mzee mmoja jirani yangu, yuko sabini na kitu, akasema twende wote. Akaja kunichukua na pikapu yake saa kumi usiku, baridi ya kufa mtu, nikaingia, nikafunga mlango. Hakusema kitu. Akashusha kioo cha upande wake mpaka chini, tukaenda maili kumi na mbili hivo hivo, meno yananigonga, naona aibu kuuliza. Tulipofika akaniuliza tu, hiyo nguo umeifua na nini? Nilikuwa nimeifua na sabuni yenye harufu ya maua, nikaongeza ile dawa ya kulainisha, na begani nina chupa ya chai ya tangawizi na iliki, na nimejipulizia marashi kidogo kwa mazoea tu maana sisi hatutoki nyumbani bila marashi.

Basi akatoa kichupa kidogo cha unga mweupe, akakibonyeza, puf, akaniambia angalia unakoenda. Ule unga ukaelea, ukanizunguka, ukashuka taratibu bondeni, kule kule nilikokuwa natazama misimu mitatu nikisubiri kulungu waje. Yaani miaka mitatu nilikuwa napiga hodi kwa pua zao kabla hawajatoka kitandani.

Kama hamtabeba kingine leo bebeni hicho. Kulungu haamini macho yake, akikuona anaweza kusimama dakika tano anajiuliza hivi ni mti au ni mtu, akikusikia pia atasubiri, lakini akikunusa hajiulizi. Sabuni isiyo na harufu inasaidia kidogo, na hizo dawa za kupulizia wanazouza kwa bei mbaya zinasaidia kidogo pia, ila hakuna sabuni ya kumdanganya yule, upepo ndo kila kitu. Unakaa sehemu ambayo upepo unatoka kwake kuja kwako, ukikuta umegeuka unashuka unaondoka hata kama umeshaamka saa tisa usiku na mkeo alishanuna.

Na kwenye milima yetu hii kuna upepo mwingine ambao simu haikuonyeshi. Hewa ya baridi ni nzito, usiku na jioni inateremka mlima kama maji, jua likishapasha mteremko inageuka inapanda. Kwahiyo asubuhi jua likichomoza unataka uwe juu yake, jioni unataka uwe chini yake, na ile saa ya kugeuka kila mtu inamchanganya, hata mimi. Dume mkubwa analijua hili kuliko mtu wa hali ya hewa. Mchana utamkuta amelala karibu na kilele lakini sio kileleni, upande ambao upepo unatoka mgongoni kwake ukivuka mlima, macho yanatazama chini, na hewa ya kupanda inamletea harufu ya bondeni. Nyuma ana pua, mbele ana macho na pua. Ukimfuata pale alipolala unamfukuza tu, we msubiri njiani.

Macho yake niseme haraka. Yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka, mtikisiko anaudaka upesi mno. Rangi haoni kama sisi, nyekundu na chungwa kwake zimefifia, ndo maana ile fulana ya chungwa haitakuharibia uwindaji, na msimu wa bunduki hapa sheria inataka inchi za mraba 250 za chungwa kichwani, kifuani na mgongoni, vaeni, mnavaa kwa ajili ya wenzenu wenye bunduki sio kwa ajili ya kulungu. Bluu ndo anaiona sana. Kwahiyo acha jinzi nyumbani, na zile sabuni zinazofanya nguo ing'ae hazifai, kwake inawaka.

Ratiba yake sasa. Huyu anacheua kama ng'ombe, ana tumbo la vyumba vinne, anakula haraka haraka alafu anaenda kujificha acheue kwa raha. Ndo maana anatembea zaidi alfajiri na magharibi, kutoka kitandani kwenda mezani na kurudi, na wewe kazi yako ni kujua meza iko wapi wiki hii. Mwezi wa 9 anaweza kuwa kwenye soya, ghafla anapotea, watu wanalalamika kulungu wamehama, hawajahama, mbegu za mwaloni zimeanza kudondoka msituni. Tena jifunzeni mwaloni mweupe na mwekundu, jani la mweupe ncha zake ni za mviringo, la mwekundu zimechongoka kama mwiba. Mbegu ya mweupe haina ukakasi sana, anaanza na hiyo. Ukipata mwaloni mweupe mmoja umedondosha vizuri na chini kuna mavi mabichi meusi yanang'aa kama maharage, aisee, kaa hapo. Na msimwage mahindi kuwavuta, sehemu kubwa ya Pennsylvania hilo ni kosa.

Alafu inakuja ile wawindaji wanaita rati, msimu wa kupandana. Siku zikifupika mwanga unampa dume ishara, shingo inavimba, yale madume yaliyokuwa yanatembea kama marafiki kiangazi chote yanaanza kuchukiana. Mwisho wa mwezi wa 10 utaona miti imekwanguliwa gome, anasugua pembe na paji la uso anaacha harufu yake. Utaona pia sehemu amefukua majani mpaka udongo chini ya tawi linaloning'inia, anakojoa hapo na tawi analilamba, ni kama ubao wa matangazo, kila mmoja anapita kusoma. Wageni wakiona hapo wanakaa wiki nzima, mi siku hizi sikai, dume anapitia pale mara nyingi usiku.

Huku kwetu kilele ni katikati ya mwezi wa 11. Jike anakuwa tayari siku moja mpaka mbili tu, akikosa anarudi tena baada ya kama siku 28, mimba ni siku 200 hivi, ndo maana watoto mnawaona mwisho wa mwezi wa 5 na wa 6. Sasa kwa sababu jike yuko tayari muda mfupi vile dume hapumziki, anatembea mpaka saa sita mchana, hali vizuri, anakonda. Kwahiyo kama unataka dume usimtafute dume. Kaa walipo majike.

Ngoja niwaeleze moja. Mwaka wa nne, tarehe za mwanzo za mwezi wa 11, niko juu ya mti na upinde wa kufyatua, nimefunga mkanda wa usalama, tafadhali fungeni, watu wanavunjika mgongo. Akaja jike na mtoto wake, yadi 25, akasimama, ananitazama. Mi sipumui. Akainamisha kichwa kama anakula, nikasema afadhali, kumbe hali, mdomo haujagusa jani, kichwa akakirusha juu ghafla anitazame kama nimejisogeza. Akarudia. Akarudia tena. Yaani anakutega kama askari trafiki aliyejificha nyuma ya mwembe. Alafu akapiga mguu wa mbele chini, dup, dup, na kati ya kwato zake kuna tezi, pale anapopiga anaacha harufu ya kuonya wanaokuja nyuma. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka mpaka naogopa mti utatikisika. Dakika sijui ngapi, upepo unanipiga usoni, hakuninusa, akaamua mi ni kifundo cha mti, akapita. Nilikuwa na tagi ya jike mfukoni, yaani kibali cha kumpiga, ningeweza. Nikamwacha. Haikufika robo saa nikasikia majani krach krach krach bila kusimama, dume, pua iko chini ardhini kama mbwa, anapita palepale alipopita jike, mi hanitazami kabisa, yule mwenye akili za kilele cha mlima, zote zimemtoka.

Na mshale jamani unaenda futi 300 kwa sekunde ukiwa mzuri, sauti inaenda zaidi ya 1,100. Yadi 20 mshale unatumia moja ya tano ya sekunde, sauti ya kufyatua imeshafika. Kulungu akiwa ameshtuka anachuchumaa ili apate nguvu ya kuruka, mshale unapita juu ya mgongo. Kwahiyo asiyejua upo ndo wa kumpiga, akiwa ubavu, nyuma kidogo ya bega, moyo na mapafu. Ukishapiga usimkimbilie. Damu nyekundu ina povu ni mapafu, subiri nusu saa, hayuko mbali. Damu ya giza ni ini, ongeza masaa kadhaa. Ukikuta kijani na harufu umepiga tumbo, ondoka, subiri masaa nane au zaidi, ukimfuata mapema anaamka anaenda maili na humpati, na hilo halisameheki.

Wakati bunduki zinaingia, Jumamosi baada ya Thanksgiving tangu 2019, majike wengi washapata mimba na misitu imejaa watu, ratiba yote niliyowaambia inavurugika, wanajibanza kwenye vichaka vizito. Dawa yake ni uvumilivu, beba chakula kisichonuka ukae mchana kutwa, wenzako wakishuka saa tano kwenda kula watakuamshia kulungu.

Maswali. Dada pale aliuliza halali. Nilimuuliza sheikh wetu, akasema unataja jina la Allah wakati wa kufyatua, akifa kwa ile risasi au mshale ni halali, ukimkuta bado mzima unamchinja. Kaka wa leseni, unasoma kozi ya uwindaji kwanza, na kama huna green card ulizia mwanasheria kabla hujagusa bunduki, msinisikilize mimi kwenye hilo. Ugonjwa wa kukonda wa kulungu, wanauita CWD, upo Pennsylvania tangu 2012, binadamu hajathibitika kuupata, lakini eneo lenye ugonjwa peleka kichwa kipimwe na usile kabla ya majibu.

Na mama aliyeuliza kwanini pilau yake iliganda mdomoni, ni mafuta, mama. Mafuta ya kulungu sio ya mbuzi, yakipoa yanakuwa mshumaa, yatoe yote, mpaka yale madogo katikati ya nyama, alafu weka mafuta yako. Lile sufuria nimetoa yote jana usiku, njooni muone. Ila kwanza, nilileta pembe mbili, naona moja. Ya pili iko kwa nani?