Babu Alipanda Mnazi: Kiingereza cha Gaokao

SALMA: Karibuni tena. Bakari, una deni. Uliahidi kisa cha Wuhan, kule China.

BAKARI: Nalipa leo. Nilipokuwa nasoma kule, jirani wa ghorofa ya chini alikuwa na binti mwaka wa mwisho wa sekondari. Mama mtu akaniomba nimwangalie Kiingereza jioni. Nikadhani ni kupiga soga tu. Binti akaja na furushi la pepa za miaka iliyopita, limefungwa kwa mpira.

SALMA: Gaokao hiyo, mtihani wa China wa kuingia chuo kikuu. Ile ambayo hata honi zinanyamazishwa karibu na vituo vya mtihani.

BAKARI: Hiyo hiyo. Inaanza tarehe 7 Juni. Mwaka 2024 walijiandikisha watu milioni 13.42. Kiingereza kina alama 150, sawa na hesabu, na 50 kati ya hizo ni za kusoma: vifungu vinne vya ufahamu, halafu kimoja kina mapengo matano.

SALMA: Anajaza maneno?

BAKARI: Sentensi nzima! Anapewa saba, anachagua tano, mbili zimewekwa kumpoteza. Wenyewe wanaita “saba chagua tano”. Hapo ndipo binti alikuwa anazama.

SALMA: Msamiati haba?

BAKARI: Wapi! Mtaala unataka maneno kama 3,000, na yeye anakariri tangu alfajiri. Kuna utani kule: vitabu vya msamiati vimepangwa kwa alfabeti, na neno la mwanzo ni “abandon”, kutelekeza. Kila mtu analijua, maana kila akianza kitabu anaishia hapo hapo.

SALMA: (anacheka) Kitabu kimekushauri mapema.

BAKARI: Ugonjwa wake ni kwamba kila neno kalipa maana moja. “Address” kwake ni anwani, basi. Kifungu kinasema wanakijiji wali-address uhaba wa maji, yaani waliushughulikia, yeye anatafuta barua imetumwa wapi.

SALMA: Masikini! Ulimtoaje?

BAKARI: Kwa Kiswahili. Nikaandika: “Babu alipanda mnazi.” Nikamweleza, kupanda ni kukwea, na kupanda ni kutia mche ardhini. Je, babu kafanya lipi? Akasema haiwezekani kujua. Nikaongeza: “Akaangua madafu mawili.” Akaonyesha dari, babu yuko juu! Nikafuta, nikaandika: “Leo wajukuu wanakula nazi zake.” Akatulia kidogo, kisha akafanya kama analima.

SALMA: Jibu liko kwa sentensi jirani.

BAKARI: Na saba chagua tano karibu yote ni hiyo. Sentensi inaanza na “wao”? Panda mstari wa juu, waulizie. Ukikuta mtu mmoja tu, rudi, hiyo si mahali pake. Pepa zake zikajaa mishale ya penseli mpaka mama yake akauliza kama tunasoma au tunachora.

SALMA: Walimu wake hawakumfundisha?

BAKARI: Walifundisha, tena vizuri kunishinda. Ila watoto wana kanuni zao za vichochoroni: “tatu ndefu, moja fupi, chagua fupi.”

SALMA: Kwetu ilikuwa “ukikwama, weka C.”

BAKARI: Uganga ule ule. Nikampa pepa ya zamani, ajibu maswali 15 ya ufahamu kwa kupima urefu wa majibu, asisome kitu. Akapata matatu. Sikulazimika kuhubiri.

SALMA: Na muda je?

BAKARI: Hapo nilikuwa mkali. Kifungu cha kwanza mara nyingi ni tangazo, ratiba ya ziara au bei za tiketi. Soma swali, nenda kwenye mstari wake, toka. Yeye alikuwa anasoma tangazo kama barua ya posa. Cha nne, cha kisayansi, ndicho kinachotaka utulivu, na alikuwa anakifikia amechoka.

SALMA: Sasa tuambie, alipata ngapi?

BAKARI: Alama sikuuliza. Kiingereza kinafanyika tarehe 8, alasiri, mpaka saa kumi na moja. Haikupita nusu saa simu ikalia, ujumbe wake: “Mwalimu, leo kulikuwa na babu wawili.”