Holašovice: kijiji cha Chekia kinachosomeka kama ramani

SALMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo tuko Chekia, Bohemia ya Kusini, kwenye kijiji cha Holašovice. Kwa masikio yetu ni kama "Holashovitse". Denis, tuanze na mahali. Kiko wapi?

DENIS: Toka jiji la České Budějovice, nenda magharibi kilomita kama 15. Uko kwenye bonde pana lenye udongo wa mfinyanzi. Maji hayazami ardhini haraka pale, ndiyo maana eneo lote limejaa mabwawa ya samaki ya kuchimbwa. Ukiangalia kusini unaona msitu wa Blanský les na mlima Kleť, mita 1,084. Wakazi wa kijiji hawafiki 200, na kiutawala kiko chini ya manispaa ya Jankov.

SALMA: Kadogo hivyo, lakini UNESCO wakakiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1998.

DENIS: Kwa sababu ya umbo lake. Katikati kuna uwanja wa nyasi, mstatili wa mita 210 kwa 70. Juu ya huo uwanja kuna bwawa, kuna karakana ya mhunzi, na kanisa dogo la Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, la mwaka 1755. Kuuzunguka kuna nyua 23 za wakulima, majengo kama 120 kwa jumla.

SALMA: Hebu tuingie kwenye ua mmoja. Nikisimama uwanjani, naona nini?

DENIS: Unaona kuta mbili za pembetatu, zile zinazofuata mteremko wa paa, zote zimeugeuzia uwanja uso. Moja ni ya nyumba ya kuishi. Nyingine ni ya ghala la nafaka, au kijumba cha wazee waliokwisha kumwachia mtoto shamba. Kati yao kuna ukuta wenye lango la tao, pana kiasi cha kupitisha mkokoteni uliosheheni nyasi kavu, na pembeni kimlango cha watu. Ukipita lango uko uani: mabanda ya ng'ombe ubavuni, na kwa nyuma banda kubwa la kupuria. Nyuma ya banda ni bustani, kisha mashamba.

SALMA: Na banda la kupuria kukaa nyuma kabisa si bahati mbaya.

DENIS: Hata kidogo. Banda limejaa nyasi na majani makavu. Likishika moto, afadhali liwe mbali na jiko. Na bwawa la uwanjani halikuwa pambo, ndiko yalikotoka maji ya kuzimia moto.

SALMA: Historia sasa. Maandishi ya kwanza yanayokitaja ni ya 1263. Mwaka 1292 Mfalme Václav wa Pili akawapa kijiji wamonaki wa monasteri ya Vyšší Brod, nao wakakishikilia hadi katikati ya karne ya 19. Zaidi ya miaka 550 chini ya bwana mmoja! Halafu ikaja tauni.

DENIS: Kati ya 1520 na 1525. Inaelezwa kwamba walibaki watu wawili tu. Monasteri haikuweza kuacha ardhi ikae bure, maana bila wakulima hakuna kodi wala kazi za lazima. Wakaleta watu kutoka Bavaria na Austria. Kufikia 1530 wameandikwa wakazi 17. Kijiji kikawa cha wasema Kijerumani, na jina likawa Holschowitz. Mwaka 1895 palikuwa na Wajerumani 157 na Wacheki 19.

SALMA: Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani kwa vile watu walibadilika, na kijiji kikapangwa upya.

DENIS: Wageni walikalia viwanja vilevile. Mpangilio wa uwanja na nyua ni wa enzi za kati. Majengo unayoyaona leo mengi ni ya karne ya 18 na 19. Ni vitu viwili vya umri tofauti kabisa, lazima uvitenganishe.

SALMA: Na zile nakshi za mbele? Rangi ya pinki, ya bluu, ya njano, lipu iliyofinyangwa maua, kuta zinazopinda kama kengele, mwaka umeandikwa juu...

DENIS: Wanaiita baroko ya wakulima. Baroko ni mtindo wa ujenzi wenye mapambo mengi, na kwenye miji ulikuwa umeshapitwa kwa miongo mingi. Mafundi waashi wa vijijini wakauchukua wakautumia walivyotaka. Kilichofungua mlango ni 1848, kazi ya lazima kwa bwana ilipofutwa. Mkulima akawa na ardhi yake, nafaka inamlipa, akajenga. Ule ukuta wa mbele ni tangazo: nina hela, na jirani aone.

SALMA: Mimi naongeza sababu moja ambayo watalii hawaambiwi: mirathi. Bohemia shamba halikukatwakatwa. Mrithi mmoja analichukua zima, kisha analipa ndugu zake fungu lao kwa awamu. Wazazi wanahamia kile kijumba cha pembeni kwa mkataba: wapewe nafaka kiasi gani, maziwa, kuni. Kama kila mtoto angepewa kipande, nyua 23 zisingekuwepo leo.

DENIS: Kabisa. Halafu vita. Mwaka 1945 na 1946 Wajerumani wa Chekoslovakia, karibu milioni 3, wakafukuzwa. Holašovice nyua nyingi zikabaki tupu. Sheria ya ushirika ya 1949 ikafuata, mashamba yakaunganishwa, mipaka ya vipande vya zamani ikalimwa juu kwa juu. Ndiyo maana leo nyua zimesalia lakini mistari ya mashamba nyuma yake imepotea.

SALMA: Kuna wanaosema kutelekezwa huko ndiko kulikokiokoa.

DENIS: Nusu kweli. Hakuna aliyekuwa na pesa ya kubomoa na kuweka madirisha mapana. Lakini nyumba isiyo na mtu inaoza kuanzia paa. Ukarabati wa maana ulianza 1990 na kuendelea, na tusisahau kuna familia zilitolewa kwenye hizo nyumba kwa nguvu.

SALMA: Ukarabati wenyewe unaharibikia wapi?

DENIS: Kwenye saruji. Kuta hizi za zamani hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji yanapanda kutoka ardhini na kutokea kwenye lipu ya chokaa. Ukipiga saruji, yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu inabanduka vipande vizima, mara nyingi na nakshi yake. Dawa ni chokaa: kipimo kimoja cha chokaa iliyoloweshwa kwa vitatu vya mchanga, ukuta uloweshwe kwanza, tabaka nyembamba, na usifanye kazi juani wala wakati baridi kali inakaribia. Rangi nayo iwe ya chokaa, mikono mitatu myepesi kuliko mmoja mzito.

SALMA: Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wanaujua ugomvi huu wa saruji na chokaa vizuri sana. Tumalizie na mtu anayetaka kuchimba historia ya kijiji cha namna hii mwenyewe. Aanzie wapi?

DENIS: Ramani ya kodi ya ardhi ya dola ya Austria, iliyoitawala Bohemia wakati huo. Bohemia ilipimwa kati ya 1826 na 1843, kipimo 1 kwa 2,880. Uwanja wa mita 210 kwenye karatasi unakuwa na urefu wa sentimita 7 na kidogo. Nakala za rangi zimewekwa mtandaoni na ofisi ya upimaji ya Chekia. Rangi zina maana: jengo la njano ni la mbao, linaungua; jekundu ni la mawe au matofali. Kwa hiyo unajua ua upi ulikuwa umeshajengwa upya na upi bado.

SALMA: Hatua ya pili, namba za nyumba. Zilianza kutolewa 1770, kwa ajili ya kuandikisha askari. Tahadhari: mwanzoni zilifuata njia aliyopita karani wa kuandikisha, lakini nyumba iliyojengwa baadaye ilipewa namba iliyofuata, popote ilipo. Usishangae 30 na kitu kukaa jirani na 5.

DENIS: Hatua ya tatu, vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Holašovice kina kanisa dogo tu, kwa hiyo tafuta vitabu vya parokia, si vya kijiji. Hifadhi ya nyaraka ya Třeboň imevipiga picha na kuvisoma ni bure. Mwandiko ni wa Kijerumani cha zamani. Jifunze herufi zake kwanza, la sivyo utachanganya n, u na e.

SALMA: Na majina ya ukoo?

DENIS: Hayo ndiyo mtego mkubwa. Bohemia ya Kusini mwanamume aliyeoa kwenye shamba la mkewe aliweza kuchukua jina la shamba. Baba ana jina moja, mtoto jingine, na ni familia ileile. Fuata namba ya nyumba, usifuate jina. Na kwenye kisanduku cha kutafutia, ukikosa Holašovice, andika Holschowitz.