Jinsi ya Kuichambua Namba 720,720 kwa Mkono

Watazamaji wetu, karibuni. Namba mnayoiona ubaoni ni 720,720, yaani laki saba, elfu ishirini, mia saba na ishirini. Chukueni kalamu na karatasi, na kikokotoo kiwekeni kando, kwa sababu hakitahitajika.

Kabla ya kugawanya chochote, itazameni namba yenyewe. Tarakimu tatu za mwanzo zimerudiwa vilevile mwishoni, kwa hiyo namba hii ni 720 mara 1,000, kisha ikaongezwa 720 nyingine, ambayo ni sawa na 720 × 1,001. Gawanyeni 1,001 kwa 7 mpate 143, nayo 143 ni 11 × 13. Kwangu mimi, hapa ndipo penye utamu wa somo zima, maana namba yoyote ya tarakimu tatu ikiandikwa mara mbili mfululizo, iwe 358,358 au 904,904, ni lazima igawanyike kwa 7, kwa 11 na kwa 13 bila kuacha baki. Simamisheni video kidogo mjaribu ya kwenu.

Sehemu iliyobaki, 720, ni nyepesi: ni 16 × 9 × 5. Andikeni basi:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Sasa tutafute idadi ya vigawo. Mtu anayeunda kigawo anaweza kuiacha 2 kabisa, au kuitumia mara moja, mbili, tatu au nne, na hizo ni njia tano. Kwa 3 ana njia tatu, na kwa kila namba tasa iliyobaki ana njia mbili. Zidisheni 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, mtapata vigawo 240. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo vingi kiasi hicho, na namba za aina hii ndizo Srinivasa Ramanujan wa India alizozichambua katika makala yake ya mwaka 1915. Vigawo hivyo huenda viwiliviwili, na jozi iliyokaribiana kuliko zote ni 840 × 858.

Mwisho, sisi wa Tanga tunazo barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Anzeni Barabara ya Kwanza mpaka ya 16, na kila namba mtakayoipita itaigawanya 720,720 kikamilifu, kwa kuwa hiyo ndiyo KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja) ya namba zote kuanzia 1 hadi 16. Mkifika ya 17 mtapata baki 5. Zidisheni namba yetu kwa 17, iwe 12,252,240, na 18 itaingia yenyewe, kwani 2 na 9 zilikwishakuwamo tangu awali. Kwa 19, ambayo ni tasa, mtalazimika kuzidisha tena mpate 232,792,560, ambayo inagawanyika hadi kwa 22.